Taa Tisa Kwenye Kopo la Kahawa

Jumatatu, 3 Machi

Redio imetangaza asubuhi nikiwa na chai mkononi. Kuanzia mwezi ujao, gari likienda kwenye ukaguzi wa moshi, mkaguzi ataangalia dashibodi kwanza. Ukifungua swichi, ile taa ya njano ya injini iwake. Injini ikishika, izime. Isipowaka kabisa – gari limefeli, rudi nyumbani.

Chai imepoa nikiwa bado nimesimama.

Nimeshusha kopo la kahawa kutoka rafu ya juu, nyuma ya makopo ya grisi. Nimezimwaga mezani. Taa tisa, kila moja kama punje ya mahindi. Zote nimezitoa mimi, kwa mkono wangu, nyuma ya dashibodi za pikapu za watu.

Niandike ilivyo, maana humu hakuna wa kumdanganya. Mtu analeta pikapu, taa ya injini inawaka. Unabadilisha plagi, unaosha ea klina, lile chujio la hewa, unapuliza nyaya. Taa inazima. Baada ya siku mbili huyo tena, kanuna. Unarudia. Inazima, inawaka. Mara ya tatu unaona aibu. Basi unapenyeza mkono nyuma ya dashibodi na kuitoa taa yenyewe. Jioni mwenye gari anafungua swichi – giza, safi kabisa. Anakushika mkono. Fundi, una mkono wewe!

Mama watoto ndiye pekee aliyelijua kopo hili. Aliwahi kuniuliza kwa nini nazitunza, si nizitupe tu. Nikalirudisha rafuni. Ana miaka mitatu kaburini na bado nazitunza. Daftari hili pia ni lake, aliandika humu majina ya wateja na siku za kuja kuchukua magari. Kurasa zilizobaki nazimalizia mimi.

Jumatano, 5 Machi

Seremala amefungua dimba. Kasema taa yake haiwaki, hakumbuki ilikufa lini, labda mimi nakumbuka. Akaangalia viatu vyangu, si uso. Nikamwambia balbu huungua, ni mambo ya kawaida, aniachie gari. Uongo wa zamani nimeuwekea kiraka cha uongo mpya.

Nimerudisha taa yake. Ikawaka, na haikuzima, ingezimaje? Sasa nikawa sina pa kukimbilia. Ikabidi nitafute ugonjwa wenyewe. Kumbe ni vali ya kurudisha moshi. Imejaa masizi mpaka haifungi, ndiyo maana gari lilikuwa linatetemeka kila akisimama. Nimeikwangua, nimeiosha kwa petroli, nimekata betri na kuiunga tena. Taa imezima kwa haki yake. Kazi ya saa mbili! Mwaka juzi nilishindwa nini? Sikushindwa. Sikutafuta.

Muda wote huo kakaa kwenye benchi, tukaongea habari za mbao na za magoti. Nimechemsha chai mara mbili. Ni siku nyingi sijatoa vikombe viwili kabatini.

Ijumaa, 7 Machi

Leo uwanja umejaa kama enzi zile. Magari manne, mengine yamepanga foleni nje ya geti.

Ya mwuza kuku: masega yameziba, yale matundu madogo ndani ya bomba la moshi yanayosafisha hewa chafu. Injini inashindwa kupumua. Anasema kilima cha sokoni anapanda na gia ya kwanza, akadhani ni uzee wa gari. Mimi ndiye niliyemwambia ni uzee.

Ya dereva wa maji: sensa, kile kidude cha kupima moshi, imeungua, waya wake ulilala juu ya bomba la moto. Nani aliulaza pale? Tuendelee.

Ya mwalimu mstaafu ndiyo imenimaliza. Nimezunguka injini nzima, nimelala chini ya gari mpaka shingo ikakakamaa. Kifuniko cha tangi la mafuta. Mpira wake umepasuka, mvuke unatoroka, kompyuta ya gari inalalamika. Mwaka mzima nimemficha mzee wa watu taa yake kwa sababu ya kifuniko! Nimebadilisha kwa dakika moja. Kanishukuru sana. Kasema mafundi kama mimi hawapo tena. Nikajifanya natafuta spana chini ya meza.

Nina furaha wiki hii, na furaha yenyewe naionea haya. Watu wanarudi kwa sababu niliwadanganya, na mimi nawachemshia chai.

Kopo lina taa nne.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna kazi. Nimefagia gereji iliyokuwa imefagiliwa.

Simu iko mezani. Zamani Jumapili ilikuwa siku yake, kijana wangu. Mtoto mmoja tu niliyenaye, na anaishi mwendo wa saa sita kutoka hapa. Alikuwa anapiga baada ya chakula cha mchana. Sasa hapigi, na si kosa lake.

Niandike na hili.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, alikuja na pikapu yake, ile ya milango minne. Taa ya injini inawaka. Akasema, kwa heshima tu, baba siku hizi kuna watu wana mashine, inasoma kosa kwenye skrini, labda nikupunguzie usumbufu. Nikasema niachie mpaka jioni. Ile "nikupunguzie usumbufu" ilikaa hapa kifuani mchana kutwa. Nilitafuta mpaka jasho likaingia machoni. Saa kumi na moja sijapata kitu. Nikamwona anakuja barabarani na mjukuu begani.

Nikapenyeza mkono.

Akafungua swichi. Akacheka, akanikumbatia na ovaroli langu chafu, akamwambia mwanawe: umeona babu yako? Hana mashine na kamaliza. Sijakumbatiwa hivyo tangu msiba.

Basi kila Jumapili ikawa wimbo ni ule ule: baba, tangu uishike ile gari haijawasha taa tena, nimewaambia wenzangu wote kazini. Mimi kila akisema hivyo nasema niko na mteja, nitakupigia. Sipigi. Mara nyingine simu inalia naiangalia mpaka inyamaze. Mtu ukimkatia simu mwaka mzima, mwisho anaelewa vibaya. Akaacha.

Taa yake imo koponi. Naijua. Niliifunga uzi mwekundu.

Na yeye ataenda kwenye ukaguzi. Atafungua swichi mbele ya mkaguzi, huku anajisifia baba yake. Roho inaniuma nikiiona picha hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Mwashi kaleta pikapu yake. Aina moja na ya kijana wangu, mwaka mmoja, rangi tu tofauti. Nimerudisha taa, imewaka. Nimetafuta tangu asubuhi. Hakuna kitu, kama siku ile.

Saa nane nikavuka barabara kwenda kwa yule binti wa gereji ya ng'ambo. Watu wanamwita Daktari kwa sababu ya mashine yake. Miaka miwili tunapeana shikamoo na marahaba basi. Nilidhani atanicheka. Akachukua mashine, akaja.

Akachomeka waya chini ya usukani. Skrini ikasema hewa imezidi. Akaona soketi ya taa, mikwaruzo ya bisibisi yangu, akajua yote. "Mzee," akasema taratibu, "wewe unatibu gari au unaliziba mdomo?" Nikamshikia tochi.

Akapuliza upepo kwenye bomba la moshi kwa nyuma, akanyunyiza maji ya sabuni mbele, pale bomba linapotoka kwenye injini. Povu likaanza kuchemka mahali pamoja. Ufa, mwembamba kama unywele. Akasema magari ya aina hii huo ndio ugonjwa wake, chuma kinapasuka palepale. Hewa inaingia kwenye ufa, sensa inadanganyika. Na moshi unatoka hapohapo, karibu na feni inayopeleka hewa ndani. Akamwuliza mwashi kama huwa anaumwa kichwa barabarani. Mwashi akasema hapana, kioo chake cha dirisha kilivunjika zamani, hakifungi. Daktari akasema basi shukuru hicho kioo.

Mimi nikakaa kwenye benchi.

Kwa sababu nakumbuka. Siku ile kijana aliniambia kuna kaharufu ndani ukiwasha feni. Nikanusa. Kweli kalikuwepo. Nikasema ni vumbi la njiani.

Saa kumi na mbili nimepiga simu. Haikupatikana. Nikampigia mkwe. Kashtuka, akadhani nimefiwa. Nikamwambia nawasalimia tu. Nikauliza gari. Akasema liko salama kabisa, baba, tunakushukuru. Nikauliza mtoto. Akasema mzima, ila wanapata shida naye safarini, kichwa kinamuuma na anatapika, wakifika akipata hewa anapona. Daktari wa hospitali kasema ni mwendo wa gari tu, watoto wengi wako hivyo.

Nikamwambia wafungue madirisha wakisafiri. Yote. Kwa nini, baba? Nikasema hewa ni nzuri kwa mtoto. Nikakata.

Hewa ni nzuri kwa mtoto! Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Kijana kapokea. Saa moja asubuhi, kabla hajatoka.

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Sikuyasoma. Nikamwambia nilishindwa siku ile. Nikamwambia nilitoa taa. Nikamwambia na habari ya ufa na moshi na kichwa cha mtoto. Nikamwambia asiwashe hilo gari na mtoto ndani, leo wala kesho.

Nilisikia vyombo vinagongana upande wa pili, mkwe anatayarisha chai.

Halafu akasema, "Kwa hiyo ulijua."

Nikasema, "Sikujua. Nilinusa."

Nilidhani ni utetezi. Nilipojisikia nikaona ni vibaya zaidi.

Akasema mwaka na miezi miwili amempeleka mtoto shule na gari hilo, madirisha juu, feni imewashwa, kwa sababu mtoto hapendi baridi. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kushika. Akasema anachelewa. Akakata yeye, kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Hajapiga.

Nimemalizia pikapu ya mwashi. Daktari kanichomea ufa, mimi nimefunga gasketi mpya. Akakataa chai, ana kazi. Baadaye akarudi, akanywa nusu kikombe akiwa amesimama. Nikamweleza vyote.

Akasema angalau umepiga simu. Nikasema nimepiga nikiwa nimechelewa mwaka na miezi miwili. Akaweka kikombe mezani, akavuka barabara.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia kijana mara mbili. Inaita mpaka inakata. Sasa najua sauti hiyo ilivyo kwa anayepiga.

Jumamosi, 15 Machi

Wa mwisho wamekuja, wakaondoka. Uwanja mtupu tena. Mafuta yaliyodondoka yameacha madoa mahali pa kila gari.

Mkwe kaandika ujumbe mchana. Mtoto walimpima damu, wamesema anaendelea vizuri, apumzike. Hakuna "baba" mwanzoni wala mwishoni. Nimeusoma mpaka simu ikaisha chaji. Nimelia, niandike na hilo. Kwa mtoto nimelia kwa furaha. Kwa lile "baba" lililokosekana, nimelia tu.

Kopo lina taa moja. Ya uzi mwekundu.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa mezani karibu na dirisha, naandika ili mkono uwe na kazi. Nimemeza chai bila sukari kwa sababu sukari iko kwenye rafu na sijisikii kuinuka.

Kuna gari linapanda.

Nimelisikia kabla sijaliona. Pikapu, petroli. Silinda ya tatu inaruka mapigo, halafu ule mlio mdogo mbele, tss, tss, kama mtu anayenyonya meno. Ule mlio mwaka jana niliusikia nikasema ni mkanda wa feni.

Limeingia getini. Ni yeye. Yuko peke yake, kiti cha mtoto nyuma hakipo. Ameendesha saa sita – ina maana ametoka kabla hakujapambazuka. Madirisha yote manne yako wazi. Mvua inaingia ndani kama gari halina paa, shati limemganda mwilini, na maji yanatiririka kutoka kwenye kiwiko chake.

Amesimama pale pale pa siku zote, juu ya shimo la kazi.

Hajazima injini. Hajapiga honi. Anatazama mbele, kwenye dashibodi, mahali ambapo hapawaki kitu.

Nina kalamu mkono mmoja na taa mkono mwingine. Wa kufungulia mlango sina.

Ameinua uso, anaangalia huku dirishani. Injini bado inanguruma. Naweka kalamu.