Kisu Ulichomtumia Babu Yako

Nguvumali,
Tanga.
11 Julai, 1954.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Timotheo,

Marahaba. Shikamoo yako sijaisikia tangu mwezi wa pili, lakini naiitikia hivyo hivyo, isije ikasemwa kwamba bibi yako ndiye aliyekata salamu. Hujambo? Mkeo Kristina hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi nipo. Magoti yananiuma kwa baridi hii ya kusi, jicho la kushoto limeingia ukungu, na chakula hakina ladha, ila mzima. Usinitumie dawa. Ile ya mwaka jana ilinuka mafuta ya taa, nimeimwaga.

Naandika mwenyewe kwa penseli. Lea, mke wa ndugu yako Rafaeli, alitaka kuniandikia kwa kalamu yake ya wino nikamkatalia, kwa sababu huwa analainisha maneno yangu. Mimi kuandika nilifundishwa kwenye darasa la ubatizo kule Mlalo na sikuongeza kitu juu yake, lakini utaelewa. Pale usipoelewa, soma tena.

Barua yako isiyo na salamu nimeipata. Umeuliza mstari mmoja habari za matanga ya babu yako, halafu ukurasa mzima habari za kisu. Unataka kujua kama kile kisu cha kukunja ulichomtumia kimefaa, maana umeona vingine kama hicho huko Mombasa, bei nafuu, na unataka ununue kimoja cha kutembea nacho kila siku huko bandarini na kingine umpe Rafaeli. Haya. Kumzika babu yako hukuja, basi tuzungumze kisu. Ukinisikiliza mpaka mwisho utazipata na habari za matanga humo humo.

Kisu chenyewe ni kizuri. Sitasema uongo kwa sababu nimekasirika. Siku kilipofika babu yako alikipima mkononi akasema kizito, akakitilia shaka kwa kuwa umesema ulikipata rahisi. Akakaa barazani siku nzima akikijaribu kama mtu anayenunua ng'ombe. Akanyoa nywele za mkono. Akakata kamba ya katani nene kama kidole gumba, mara moja tu ikaachia. Akapasua dafu, jambo ambalo mimi nilimwambia atajikata, hakujikata. Halafu akatafuta kipande cha tairi la gari akajikatia ndara, na makali hayakupinda wala kumeguka. Ile pete ya chuma mgongoni ilimfurahisha kuliko vyote, kwamba kisu hakikubali kukunjwa mpaka uivute. Alikuwa anakifungua na kukifunga, ka-ka-ka, mpaka nikamwambia aende nje na kelele zake.

Kasoro nazo anazijua aliyefua nguo. Kilimtoboa mfuko wa koti, nikashona, kikatoboa tena, nikatia kiraka cha turubai. Chungwa likikigusa, bapa linageuka jeusi. Ukikiacha bila mafuta siku mbili, chumvi ya hewa ya huku inakila kutu. Na masika ya mwaka jana mpini wa mti ulivimba kikawa hakifunguki mpaka kianikwe.

Uweso alikuwa hakitaki. Unamkumbuka Uweso, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anayechinja katika kila shughuli ya mtaa huu, yetu na yao, ili kila mtu ale. Yeye ana kisu chake kirefu kilichonyooka, anakifunga kitambaani kama mtoto mchanga. Alimwambia babu yako kwamba kisu kinachopiga magoti si kisu. Babu yako akamjibu, “Hata wewe Uweso unapiga magoti mara tano kwa siku, na makali unayo.” Walicheka mpaka mkewe, Harusi, akatoka jikoni kwake na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yao kila asubuhi: vipi, amepiga magoti leo?

Sasa huyo Uweso ndiye aliyekishika kichwa cha babu yako alipokuwa anakata roho. Rafaeli alikuwa shambani kwenye mkonge, wewe ulikuwa na meli zako. Na wanawe Uweso ndio waliochimba kaburi, jua kali, ardhi kavu. Nakueleza ili ujue deni la nyumba hii liko wapi. Baba yenu alishatangulia, babu naye kaenda, wewe ndiye mkubwa.

Koti la babu yako lilibaki kwenye msumari wake chumbani, kisu mfukoni. Sikukigusa mimi, na vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yamalizike. Hivyo ndivyo nilivyodhani, kwamba wote mliolelewa nyumba hii mnajua.

Kumaliza matanga tulingoja Ramadhani iishe. Wazee wa kanisa walitaka upesi, mimi nikasema siwezi kupika mchana watu wa nyumba ya pili wakiwa wamefunga na harufu inaingia kwao. Tukangoja Idi ipite. Jumamosi moja katikati ya Juni tukafanya. Mbuzi nilinunua mwenyewe. Sufuria kubwa mbili Harusi alinipa zake, na tangu alfajiri yuko jikoni kwangu anachambua mchele kama vile amefiwa yeye.

Uweso akaja na kisu chake kitambaani. Akasimama mbele ya mbuzi, akatazama chini, hakukifungua kile kitambaa. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Bertha, leo nipe kile cha Asheri. Nimchinjie rafiki yangu kwa kile kinachopiga magoti.”

Timotheo, mimi si mtu wa kulia mbele za watu, lakini pale niligeuza uso. Nikaenda chumbani, nikatia mkono kwenye mfuko wa koti, nikakitoa, nikakisuuza kwenye ndoo, nikampa. Akajaribu makali kwenye ukucha. Akataja jina la Mungu, akachinja. Mbuzi hakuteseka. Watu wakasema kisu kinakata.

Ndugu yako Rafaeli wakati huo alikuwa kanisani kuchukua mabenchi. Aliporudi, nyama iko motoni, watu wamekaa mikekani, na kisu kiko juu ya jiwe pale penye maji. Nilimwona anakitazama. Akaniita nyuma ya jiko.

“Bibi, nani kakitoa kile kisu?”

Nikamwambia mimi, na Uweso amechinja nacho. Akashika kichwa. Akasema Pasaka alikichukua mfukoni mwa koti nilipokwenda ibadani, akaenda nacho kambini mkongeni, vijana wa huko wamenasa nguruwe mwitu, wakamchuna kwa kisu kile na kumkata vipande, halafu akakirudisha kabla sijafika. Nikamwuliza kama alikiosha. Akasema alikipangusa kwa majani, akakitumbukiza kwenye pipa la maji.

Kula nguruwe si dhambi kwetu, sitamtungia dhambi. Lakini babu yako tangu tuhamie Nguvumali hakumgusa nguruwe hata Krismasi, kwa heshima ya ukuta huu mmoja. Hakuna aliyemwambia. Alijiamulia. Na mjukuu wake mtu mzima, ana mke na watoto, hakuliona hilo kwa miaka yote aliyokula humu ndani.

Lea akatusikia. Akaja kuninong'oneza kwamba wali umeiva, wageni wana njaa, na nguruwe mwenyewe ni wa miezi miwili iliyopita, tunyamaze, baadaye tutakiosha. Nikamwuliza: mtu aliyenishikia mume wangu kichwa akikata roho, nimlishe hiki na kumtazama anavyotafuna? Akarudi jikoni. Nikamwambia Rafaeli atangulie, mimi nyuma, na aseme kwa mdomo wake.

Alisema. Nusu ya maneno yalikwama, nikayamalizia mimi.

Uweso hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikwenda penye jiwe, akachuchumaa, akakikunja kisu nusu, akavunja chelewa kwenye ufagio wangu, akaipitisha ndani ya mwanya wa mpini, mle linamolala bapa. Akachokoa. Ikatoka damu mbichi ya mbuzi. Akachokoa tena chini zaidi. Yakatoka mafuta ya manjano yaliyoganda, na ndani ya mafuta unywele mmoja mweusi, mgumu kama wa brashi ya viatu. Akauweka juu ya jani. Tukautazama wote.

“Nimelitaja jina la Mungu juu ya hiki,” akasema.

Hilo tu. Akanawa, akaenda kwenye mikeka, akainama kusema na mzee mmoja, wakainuka mmoja mmoja wakitafuta viatu vyao. Hakuna aliyetukana. Harusi alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria, akakiweka chini polepole, akafunga kanga yake vizuri, akapita karibu nami kama anavyopita mtu kwenye njia nyembamba.

Nyama wakaila watu wa kanisani, haraka haraka, macho chini. Iliyobaki nikamwambia Rafaeli achimbe shimo aifukie. Ndiyo matanga ya babu yako hayo uliyoyauliza kwa mstari mmoja. Sufuria nilizisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikatoka damu, nikazirudisha. Zipo nje ya nyumba yao mpaka leo, zimefunikwa kifudifudi chini ya paa, mvua ikizinyea.

Nilikwenda kwa Harusi. Nikapiga hodi. Akaitikia karibu kutoka ndani, na ndani akabaki. Nikasimama mpaka nikaona aibu mbele ya wapita njia, nikarudi. Uweso ananisalimia akiniona njiani. Anasema habari za asubuhi, kama anavyomsalimia karani wa posta. Barazani kwake anakaa peke yake.

Sasa kisu chako. Chuma ni kizuri, springi nzuri, na kwa bei uliyosema hutapata kinachokizidi. Ubaya wake ni ule mwanya. Kisu kilichonyooka unakiosha ukakiona chote. Hiki unakiosha uso, tumboni hukuoni, halafu unakikunja kinalala juu ya uchafu na wewe unakitia mfukoni ukijiona mtu safi. Kama lazima uwe nacho, kila jioni kifungue, kipitishe chelewa mle ndani, kimwagie maji ya moto, kikauke, kipake mafuta ya nazi. Usimwazime mtu. Na cha kazi kiwe cha kazi, kisikate chakula cha watu. Tena nasikia huko kwenu siku hizi mtu akikutwa na chuma mfukoni anaulizwa maswali mengi, na abiria wa mabasi wanapekuliwa mpakani Horohoro. Ukikamatwa sitakuja.

Rafaeli usimnunulie. Hana haja ya kisu, ana haja ya akili. Amekonda, hali, anazunguka nyumba kwa nyuma asipite mlangoni kwa Uweso. Namwonea huruma, lakini simwambii.

Ninalokutaka ni hili. Omba ruhusa, uje. Usiniandikie habari za bwana mkubwa wako, ruhusa ya kuzika ulisema umenyimwa, ya hili itafute. Uje na mbuzi mzima, ununue huku Tanga kwa mikono yako, umpeleke kwa Uweso akiwa hai na kamba yake, umwambie mkubwa wa nyumba ya Asheri amekuja. Maneno ya mwanamke kizee na ya mkosaji ameshayasikia. Ya mkubwa wa nyumba bado. Amchinje kwa kisu chake kirefu, uani kwake, kwenye sufuria zake, na sisi tukae pembeni tungojee kuitwa. Asipotuita, tutakuwa tumejua. Mimi nina umri huu, Timotheo. Kaburi la babu yako lilichimbwa na wana wa nyumba ile. Langu nataka kujua litachimbwa na nani.

Leo asubuhi nimempelekea Harusi machungwa ya Muheza kwenye bakuli langu la maua. Mazima, hayajaguswa na kisu chochote. Nimeyaweka kizingitini, nikaondoka. Wewe umekulia hapa, unajua bakuli kati ya nyumba hizi mbili halirudi hivi hivi, hata kama ni ndimu moja au chumvi ya kutia mkononi. Nangoja nione litarudi na nini.

Lea anakusalimu, na Rafaeli pia ingawa hakunituma. Mama Fakhria wa dukani anauliza lini utakuja. Nisalimie sana Kristina, mwambie mtoto amvishe fulana asubuhi. Mungu awaweke, awaepushe na vyuma vinavyoanguka huko bandarini, na akurudishe kwangu ukiwa na miguu miwili.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bibi yako,
Bertha wa Asheri.

Sijatia barua kwenye bahasha. Nimetoka kuchota maji nimelikuta bakuli kwenye kizingiti changu. Hakuna aliyepiga hodi. Limeoshwa, limekaushwa vizuri, na ndani hamna kitu.

Panda basi la kwanza.