Salamu kwa Wifi Yangu wa Hispania

Rutamba, 9 Machi 2025

Kwako Erasmo,

Huku tu wazima. Mjomba wako, aliyeleta posa yako kwetu, amepona mguu.

Ulipoondoka kwenda Hispania uliniachia kitabu cha Kihispania, ukasema nikikimaliza utanileta huko tuoane. Nilianza na kitenzi cha kuzungumza, hablar. Nilikikariri nikibangua korosho: hablo, nazungumza, hablé, nilizungumza, hablaré, nitazungumza. Nikaendelea hadi vitenzi vya kuamuru, vya kutamani na vya "lau ningezungumza". Mama akanicheka: "Huyo mtakatifu unayemsalia, mwanangu, huku hatumjui."

Alhamisi uliponipigia simu, mwanamke alikuuliza unaongea na nani. Ukamjibu bila kusita, "Hablo con mi hermana." Nazungumza na dada yangu. Kisha ukanirudia na Kiswahili chako laini, ukaniuliza habari za mvua, nami nikakujibu habari za mvua.

Ulidhani kitabu kile nilikifungia karanga?

Mjomba wako nimemweleza. Kesho anakuja kuchukua posa yake, na aibu yako ameibeba yeye.

Sasa, kwa kuwa umenifanya dada, huyo mwanamke ni wifi yangu, na kwetu wifi hakai kwa kaka bila kusalimiwa na dada mtu. Ukipiga tena, mpe simu. Nitamweleza kwa lugha yake yale uliyoniahidi mimi na yale unayomwambia yeye. Utakayosema baada ya hapo utayatafuta mwenyewe.

Dada yako tangu Alhamisi,
Dativa