Kuiba maji au kunyang'anya maji

Same, Jumanne. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na wingu limekaa mlimani bila kutoa mvua. Sina hamu ya chakula.

Leo nilikwenda barazani kuandika habari, kama kawaida yangu. Mkalimani anaumwa homa. Bwana Shauri, afisa Mwingereza anayeamua kesi, aliponiona nimekaa nyuma na penseli yangu, akaniita mbele nishike nafasi yake. "Mtu wa gazeti haishiwi maneno," alisema, na makarani wakacheka.

Mshtakiwa ni Yohana, mkulima wa Mhezi. Mahindi yake yalikuwa yanakauka, akaenda kwenye ndiva, lile bwawa ambamo wenyeji hukusanya maji ya mfereji na kuyagawana kwa zamu. Haikuwa zamu yake. Taarifa ya jumbe, mkuu wa kijiji, inasema Mzee Elieza, mlinzi wa bwawa, alimzuia, naye akamsukuma mzee chini na kuzibua maji.

Bwana Shauri akaniuliza kwa Kiingereza: hiyo ni "steal" au ni "rob"?

Tofauti naijua. "Steal" ni kuchukua cha mtu bila idhini yake, mara nyingi kwa kificho. "Rob" ni kumpokonya kwa nguvu au kwa vitisho, uso kwa uso. Hata sisi hatuchanganyi kuiba na kunyang'anya. Ila katika sheria yao neno la kwanza linaweza kuwa miezi, na la pili ni miaka.

Kazi yangu yote ni kutochanganya maneno ya namna hiyo. Mtu akisema, naandika "say". Siandiki "claim", maana "claim" humtia mtu shaka kabla msomaji hajamsikia. Nikajibu kwamba kwanza tumsikie mzee mwenyewe. Bwana Shauri akakubali. Kesi ni kesho.

Nilidhani nimejitoa. Nimejifunga zaidi.

Nje alinisubiri Nakijwa, mke wa Yohana, mtoto mgongoni.

"Kaka, wewe unayajua maneno yao. Mtafutie lile dogo."

"Dada, mimi sichagui. Natafsiri."

"Basi tafsiri polepole, usije ukatufungia mtu kwa haraka zako."



Jioni Mzee Elieza alifika kwangu kwa miguu kutoka mlimani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akijipangusa vumbi. Nikamuuliza, alisukumwa?

"Alinisukuma, ndiyo. Lakini jumbe alipeleka taarifa mapema mno. Baadaye Yohana alileta mbuzi, tukachinja, tukala pamoja. Ukishakula mbuzi wa mtu, lile jambo hulitaji tena."

"Sasa kesho utasema nini?"

"Niliteleza. Uzee huu, mwanangu, hata mbuzi akipiga chafya naanguka."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mzee huyu huongoza sala kanisani, na kesho ataapa kwa Biblia.

Kwake huo si uongo. Ugomvi umeliwa, umekwisha, na anayeufufua ndiye mkosaji. Kwa Bwana Shauri mbuzi hafuti kitu. Mimi nimesimama katikati, na nimeshausikia ukweli kwa masikio yangu.

Laiti nisingemuuliza.

Nimejipangia hivi. Mzee akisema aliteleza, nitasema "slipped", bila kuongeza wala kupunguza. Kiapo cha mkalimani ni kutafsiri kwa uaminifu, si kutoa ushahidi. Asiposukumwa mtu, "rob" haina pa kusimama, na Yohana huenda akarudi kwa mke wake kabla ya mavuno.

Ninachoogopa ni tabia moja ya Bwana Shauri. Shahidi akimaliza, humgeukia mkalimani na kumuuliza, "Wewe unamwamini?" Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi.

Akinigeukia, nitamjibu kwamba sikuwepo bwawani. Hilo ni kweli tupu.

Nimelijaribu kwa sauti humu chumbani. Linasikika kama jibu la mtu anayeficha kitu.