Alama Aliyoifuta Wifi Koku

Mwanangu Mujuni,

Basi Koku akanisugua mpaka ikatoka. Ile alama, waitu! Ile aliyonichora daktari wa ng'ambo ya ziwa hapa shingoni, juu ya uvimbe, baada ya kunipiga picha ya ndani. Aliniambia nisiioshe mpaka nirudi na meli, wanichome na ile miale yao. Lakini shangazi yako si unamjua? Kwetu mgonjwa akitoka safari, wifi ndiye anayemwosha kabla hajakaa na wageni. Na wageni walikuwa wamejaa, wanatafuna punje za kahawa, wananingoja mimi.

"Wifi, Wazungu wamekurudisha na masizi!"

"Acha, ni dawa hiyo!"

"Dawa gani nyeusi kama kitako cha chungu?"

Akasugua na kipande cha mgomba. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikajishika shingo. Nikasema siendi tena. Alama haipo, watachoma wapi? Wachome koo, nisiongee tena? Meli ikaondoka bila mimi. Ndipo mwalimu wa kanisani, huyu anayeniandikia, akakuandikia. Mwalimu, usiandike kwamba nililia. Umeshaandika? Haya.

Jibu lako nimesomewa mpaka mwalimu amechoka. "Mama, alama ni wino tu. Picha ndiyo inayoonyesha uvimbe ulipo. Watachora tena. Nenda." Na kwamba huko Uingereza ndiyo kazi unayosomea: picha iwe wazi zaidi, miale iguse ugonjwa, iache nyama nzima. Nikacheka! Unakumbuka shimo la ndizi za pombe la baba yako? Amezifukia ziive, hataki mtu afunue, wewe unatoboa majani na kijiti, unachungulia, unanusa. "Mama, za huku zimeiva, za kule bado!" Baba yako anakukimbiza migombani, unajificha nyuma yangu, na ulikuwa umesema kweli. Leo wamekupeleka ng'ambo kuchungulia watu!

Kahawa mwaka huu imezaa, matawi yameinama. Senene nitakukaushia. Hofu ninayo, sikudanganyi, ila nataka siku ukirudi nikugombeze kwa sauti yangu mwenyewe.

Koku ananiita huko nje. Gari la kwenda bandarini Bukoba limefika. Anasema tunakwenda wote mpaka ng'ambo ya ziwa, akamwonyeshe daktari mwenyewe alama ilikuwa wapi. Nakuja, Koku, nakuja! Mwalimu, weka hapo "mama yako". Mimi huyo.