Kanda Namba Tisa, Upande wa Pili

Mtoni, Ijumaa

Mdogo wangu Mwanahawa,

Mie mzima, nakula mihogo na kachumbari baada ya mtihani, ila haishuki. Kanda kumi na mbili za masomo nilizotumiwa na chuo nilizisikiliza dukani mara tatu tatu, kasoro upande mmoja. Maswali yalikuwa matano, na mawili yametoka humohumo: kanda ya tisa, upande wa pili, tulikorekodi harusi yako. Chuo walishavunja kile kijipande cha plastiki cha mgongoni mwa kanda ili isirekodike juu yake. Mie, kwa ubahili wa kanda mpya, nikaziba tundu lake kwa karatasi, ikarekodi.

Mwenzangu tuliyefanya naye mtihani kacheka mpaka kapaliwa. "Braza, umemfuta mwalimu ukaweka ngoma?"

"Vigelegele vyote navijua," nikamwambia. "Jibu ndilo silijui."

Nilitaka nikulaumu wewe kwa kuharakia kuolewa, lakini tundu nililiziba mwenyewe. Nikifeli, narudia mwaka mzima. Hata hivyo kanda hiyo isifutwe. Sauti ya mwalimu nitaazima kwa wenzangu. Ya marehemu mama akikuombea dua haipo kwingine.

Msalimie shemeji. Mungu awape watoto wasikivu kuliko mie.

Kaka yako,
Shabani