Biskuti za Ruwayda

Pioneer, Eldoret
Jumapili mchana

Kwako Mama Bashir,

Salamu alekum. Naiandika hivyo kwa sababu ukinisikia nikiitamka unacheka, unasema ulimi wangu wa Kijaluo unaikunja katikati. Leo cheka tu, nitafurahi kujua nimekuchekesha kabla ya kukupa haya mengine.

Kwanza, habari ya macho? Bashir alisema daktari amekutoa bandeji na sasa unawatambua watu hadi ng'ambo ya barabara. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, hata Obonyo akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Na magoti je? Joto la Isiolo limeyasaidia, au bado unainuka kwa kushika meza? Sisi huku tupo. Baridi imetuingia mifupani, mvua inaanza kila siku tukimaliza tu chakula cha mchana, na nguo hazikauki. Obonyo ana kikohozi lakini anaenda kazini. Nyumba uliyokuwa ukikaa imepata wapangaji wapya, vijana wawili wauza simu. Ni wapole, ila hawajui kusalimia mtu asubuhi. Nikipita pale mlangoni bado mkono unataka kubisha.

Mama, uliniomba nimwangalie binti yako Ruwayda, halafu nikuambie ukweli wote, ule usioambiwa na Bashir wala mumewe Zakaria. Nimeona niandike kuliko kupiga simu, maana wewe simu unaweka spika, na nyumba nzima inasikia. Haya si maneno ya nyumba nzima. Ndiyo sababu nitampa mama mmoja anayesafiri kuja huko akupe mkononi. Vaa miwani, ukae mahali peke yako.

Nianze na biskuti, kwa sababu mambo yote nimeyaona kupitia hizo biskuti.

Unajua tangu ulipohama kazi yangu ya kuoka imekua. Lakini siku hizi watu hawataki biskuti hivihivi kama zile zako za iliki ulizonifundisha juu ya makaa. Wanataka za kukatwa kwa umbo. Unasukuma donge la unga kama la chapati, unakata kwa vikatio vya bati, nyota, moyo, gari, chochote mtu anachotaka, halafu zikishaiva na kupoa unazipamba kwa aising, yaani sukari laini iliyopigwa na ute wa yai. Kwanza unachora ukingo kwa ile nzito, kisha unajaza katikati kwa ile nyepesi, unaisogeza na kijiti cha meno mpaka inalala sawa kama maji. Ni kazi ya subira. Ruwayda alikuwa anapenda kuketi jikoni kwangu kutazama, tumbo limemtangulia, anakula zile zilizovunjika.

Ndiye aliyeniagiza biskuti za siku ya akika, mtoto atakapopewa jina. Alikataa daktari amwambie kama ni wa kiume au wa kike. Akasema anataka kigauni kidogo, kanzu ndogo, na miezi michanga, na kwamba atakachozaa ndicho kitakachoamua nikate nini. Nilicheka, nikamwambia huyo mtoto ataanza kuniamrisha kabla hajajua kulia. Wiki ile ya mwisho nikakanda unga mapema, nikaufunga vizuri, nikauweka kwenye friza ili akijifungua tu nianze kazi.

Habari ya msiba niliipata hivi: Zakaria alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeahirisha safari. Akasema, "Perez, zile biskuti usizioke." Nikauliza kwa nini, wamebadilisha siku? Akasema hakutakuwa na siku. Akakata.

Nilienda nyumbani kwao Elgon View jioni ile ile na nikarudi mara nyingi baadaye. Mwanzoni nyumba ilijaa. Wanawake walikuja na vyakula, wakakaa sebuleni, wakamwambia Ruwayda maneno ambayo mimi pia ningeyasema: kwamba Mungu ndiye anayejua, kwamba bado yeye ni kijana, kwamba atapata mwingine. Aliwaitikia wote. Lakini sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza habari ya mtoto mwenyewe. Walizungumza juu ya mshono, juu ya damu, juu ya supu. Ungedhani mwanamke aliugua tu, akapasuliwa, akarudi nyumbani.

Na simu zako, Mama, niliziona. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Ilikuwa ikilia anaitazama, haipokei, kisha anaigeuza kifudifudi juu ya kochi na kuuma midomo. Nilikasirika kwa niaba yako. Nilidhani anakulaumu kwa kutokuja, na hali wewe ulikuwa umelazwa macho yote mawili yamefungwa. Nikamwambia, "Huyo ni mama yako, Ruwayda." Akanijibu kwamba anajua, tafadhali nimletee maji. Nikamletea, lakini moyoni nilimwona amekuwa mgumu.

Kisha siku moja, arubaini yake haijaisha na mshono bado unamvuta, akanitokea hapa Pioneer. Alikuja kwa boda boda, Ruwayda ambaye tangu aolewe sijamwona akishuka kwenye kitu kisicho na milango. Alikuwa ameloa chapachapa. Nikamgombeza sana. Nikamketisha karibu na oveni, nikamtafutia khanga kavu. Hakunisikiliza. Aliuliza swali moja tu, "Ule unga wangu uko wapi?"

Nilimwambia uko kwenye friza. Sikuweza kuutupa, na sikuweza kumuuzia mtu mwingine. Akasema, basi tuuoke. Nikajaribu kumzuia, nikamwambia apumzike, tutaoka siku nyingine. Hapo ndipo alipopandisha sauti, "Nimechoka kupewa pole kama mtu aliyepoteza pochi! Nipe kazi, Perez."

Nikatoa unga. Ulikuwa mgumu kama jiwe, tukangoja ulainike. Alipoanza kuusukuma alibonyeza kwa nguvu mno, ukawa mwembamba, ukashika meza. Nikamrudishia, nikamnyunyizia unga mkavu, akaanza tena. Niliweka vikatio vyote mbele yake. Kanzu hakuigusa. Miezi hakuigusa. Alichukua kile cha kigauni, akakata nacho mpaka unga ukaisha, na mabaki akayakusanya, akasukuma upya, akakata tena. Mama, hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa msichana. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Za kwanza ziliungua pembeni. Tulipokuwa tunangoja zipoe, mtoto wa jirani wa juu akaanza kulia kwa njaa, ule ukelele wa mtoto mchanga unaopita kwenye dari. Ruwayda akajikunja, akaweka mikono yote miwili kifuani. Nilidhani ni mshono. Kisha nikaona ile khanga kavu niliyompa ikilowana mbele, madoa mawili yakipanuka. Maziwa. Mwili wake ulikuwa haujaambiwa. Wewe ni mama wa watoto, sina haja ya kukueleza zaidi. Nilimpa khanga nyingine, nikageuka nikaangalia dirishani ili asione uso wangu.

Ndipo akaanza kusimulia, macho yakiwa kwenye trei. Alisema mtoto alikuwa na kawaida ya kuruka akinywa maji baridi. Asubuhi ile alikunywa, mtoto hakuruka. Akadhani amelala. Akanywa tena mchana. Wageni walikuwapo, akaona aibu kuwaacha. Jioni ndipo alipomwambia Zakaria, wakakimbilia hospitali, na yule daktari alipitisha kile chombo tumboni muda mrefu, kisha akakizima. Tangu siku hiyo Ruwayda anajiuliza juu ya yale maji ya asubuhi. Nilimwambia daktari mwenyewe alisema hata angekuja mapema huenda isingesaidia. Alisema amelisikia hilo, lakini halimfikii.

Baada ya upasuaji muuguzi alimletea mtoto amefunikwa vizuri. Alimshika. Zakaria alikuwa amesimama pembeni, wanaume wa ukoo wakimsubiri nje wakamwoshe na kumzika kabla jua halijatua. Zakaria akamuuliza taratibu, jina nani? Akamtajia. Zakaria akambeba, akatoka. Alitimiza kila kitu kama inavyotakiwa, Mama, hilo usiwe na shaka nalo. Mtoto aliswaliwa, akazikwa kwa heshima. Lakini aliporudi kutoka makaburini hakulitamka tena lile jina. Hakuna aliyelitamka. Wanamwita "yale yaliyotokea."

Nilipiga aising nyeupe, nikaitia kwenye koni ya karatasi, nikamwonyesha namna ya kuishika. Ukingo ukatoka umepinda kama njia ya siafu. Tukajaza vigauni vyote vyeupe. Vilipokauka akaniomba koni ndogo, yenye ncha nyembamba, na rangi ya zambarau. Nikadhani anataka kuchora maua. Akaandika jina. Kwenye cha kwanza herufi ziligongana, hazikusomeka. Cha pili kikawa afadhali. Aliandika kigauni baada ya kigauni, ulimi ameubana kwenye meno, na kila akimaliza kimoja analisoma kwa sauti ya chini.

Mama, sijui nikuandikie vipi ili usiumie, na nimeshaiacha kalamu hii mara kadhaa. Jina ni lako. Aliitwa Khadija.

Sisi wote tunakuita Mama Bashir, hata mimi niliyekula kwako miaka yote nililazimika kufikiri kidogo kabla sijaelewa. Ruwayda alikuwa amepanga kukushangaza siku ya akika, akusimamishe mbele ya watu wote akuwekee mtoto mikononi na kumtaja. Ndiyo maana hakukuambia. Na kwenye simu yake amekuhifadhi kwa jina hilo hilo. Ukipiga, kioo chote kinajaa, Khadija, Khadija, na simu inalia mkononi mwake. Haikuwa hasira. Aliniambia kwamba akipokea itabidi akuite mama, aseme "Hooyo," nawe utamwuliza mwanangu vipi, na yeye hana namna ya kukwambia kwamba jina lako liko mchangani.

Zakaria alikuja kumchukua kabla ya magharibi. Aliingia jikoni akiwa na funguo za gari mkononi, akaona trei. Kisha akasema kwa ukali kwamba haya si mambo, jina la marehemu haliandikwi kwenye kitu cha kuliwa. Ruwayda hakubishana naye. Alimwambia tu, "Basi liseme wewe. Mara moja tu, nisikie." Zakaria akafungua mdomo. Neno halikutoka. Akatoka nje, nasi tukasikia gari likiwashwa na kungoja. Ruwayda akamfuata, trei akaiacha mezani.

Kesho yake Zakaria alirudi peke yake. Hakutaka chai. Aliniomba biskuti moja, akaniuliza kama ninacho kitu cha kuifungia isivunjike. Nikaifunga kwa karatasi. Akaitia mfuko wa shati, upande wa ndani, akaishikilia na mkono mpaka mlangoni. Sijui ameipeleka wapi na sikumuuliza. Najua tu kwamba wanaishi nyumba moja na kila mmoja analia chumba chake.

Zilizobaki nimeziweka kwenye mkebe. Ruwayda hataki zitupwe na hataki ziliwe. Siku hizi anakuja kunisaidia kazi. Mkono wake umekuwa mzuri kuliko wangu, lakini oda ikiwa ya mtoto anavua aproni, anaenda kuketi kitandani kwangu mpaka nimalize. Si mzima, Mama. Siwezi kukuandikia kwamba ni mzima. Anakula nikimkumbusha.

Ninachokuomba ni hiki. Magoti yakikuruhusu, njoo. Yasipokuruhusu, piga kwa simu ya Bashir, ile ataipokea. Usimwambie atapata mwingine. Usimwambie anyamaze. Mwite mtoto kwa jina lake. Najua ni kazi kubwa kwako kulitamka hivyo, kwa kuwa ni jina lako mwenyewe, lakini sidhani kama kuna mtu mwingine anayeweza kuanza.

Nisalimie Bashir na mke wake, na uwapakate wale wadogo kwa niaba yangu. Obonyo anasema Mungu akuzidishie nuru ya macho. Nami nakuombea hivyo hivyo, kwa njia yangu ya kanisani na kwa ile uliyonifundisha wewe.

Nilikuwa nimefika hapa Ruwayda alipoingia, akauliza namwandikia nani. Nilimwambia ukweli. Nikadhani atanipokonya karatasi. Nikamuuliza kama ana salamu zake kwako. Ametazama nje, mvua inanyesha, kisha amesema nikuandikie hili tu: kwamba mtoto alikuwa na nywele nyingi. Nyingi sana, nyeusi, zilimfika shingoni.

Ni mimi mwanao,
Perez