Kabla Hujashika Raketi Tena

Isla Chica,
Huelva.
4 Machi 2024

Mpendwa mjukuu wangu Cinta,

Hujambo, mwanangu? Goti limepona? Baridi ya Denmark inakuacha ulale? Huku jua limeanza kurudi. Mimi moyo umechoka, na daktari hadhani nitafika kiangazi. Nisamehe mwandiko.

Paca wa duka la mikate bado ananitania: "Amparo, yule mjukuu wako angali anafukuza manyoya ya kuku aliyenyonyolewa?" Lakini picha ya siku ulipotwaa ubingwa wa vijana ameibandika juu ya mashine ya kahawa, na mteja akiita badminton mchezo wa ufukweni, anamchelewesha makusudi.

Sasa nikuambie ninachoogopa. Babu yako Gaspar, kaka yangu, hakufa kwa jua kali kama ulivyosimuliwa. Nilikuwa nimempelekea chakula bandarini. Aliinama, akasema, "Amparo, ngoja nipumue kidogo." Hakuinuka tena. Alikuwa kijana, mwenye nguvu kama wewe.

Novemba daktari aliniambia ugonjwa wangu wa moyo ni wa kurithi, na kila mwenye damu yetu apimwe, hasa anayecheza michezo. Baba yako akapimwa. Anao. Nikataka kukupigia simu papo hapo, akanishika mkono.

"Shangazi, nakuomba. Pointi za Olimpiki zinahesabiwa mpaka Aprili. Tangu ana miaka tisa hajaota kitu kingine. Akishafuzu nitamwambia mwenyewe."

"Na akianguka?"

"Huenda hata hana, Shangazi."

Nikanyamaza. Mimi, mwalimu mzima, nikanyamaza.

Tangu hapo kila ukiruka kupiga kinyoya nashikilia kiti. Jana kwenye televisheni, seti ya tatu, uliinama ukashika magoti. Mtangazaji akasema umechoka tu. Mimi nilimwona Gaspar. Ulipoinuka nilikuwa nimejikojolea, mwanangu. Nakuambia bila aibu.

Leo asubuhi nimempigia kocha wako Torben, kwa Kiingereza changu cha darasani. Akauliza, "Cinta anajua?" Nikamwambia bado, namwandikia. Akasema, "Basi hashiki raketi mpaka apimwe." Wewe sikukupigia kwa sababu kwa simu ungenichekesha, nami ningerudi nyuma.

Najua huenda nimekupokonya Olimpiki ya Paris. Najua ulivyolia stesheni ukiondoka kwenda Madrid, kinda wa miaka kumi na sita, na bado ukapanda treni.

Baba yako hajui kama nimeandika. Usimkaripie sana, naye anaogopa. Kaka yako Curro nimemwambia leo. Anakusalimu, na Ijumaa anakwenda kupimwa. Paca anakubusu. Bikira Maria wa la Cinta, msimamizi wa mji wetu, uliyepewa jina lake, akuwekee mkono kifuani usiku na mchana.

Ukitaka kunichukia, nichukie. Lakini nichukie mpaka uwe kikongwe kama mimi.

Bibi yako akupendaye hata unapomkasirikia,

Amparo